Bi Qali Muse na Kengele ya Ngamia

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya masikio hapa Garissa, Bi Qali Muse anastaafu tarehe 30 Juni. Anasema anastaafu kweli. Sisi tuna shaka, na kushuku tumefunzwa na yeye.

Mama huyu hakuamini kitu. Kila asubuhi aliijaribu mashine ya kupimia usikivu kwa masikio yake mwenyewe kabla haijamgusa mgonjwa. Chai ya kantini aliinusa kwanza.

Basi akaletwa Dubow, mchungaji kutoka Diff, kule mpakani na Somalia. Ngamia wa ukoo walikuwa wamepotea, naye alikiri kwamba kengele zao alizisikia, ila alipozifuata hakuwapata. Ami yake, mzee Ogle, aliyefuatana naye, alishikilia kuwa Dubow amewauza ng'ambo ya mpaka. Wazee wangekaa Ijumaa kumhukumu mwizi. Mashine nayo ikasema masikio yote mawili yanasikia.

Bi Qali akaishuku mashine. Alimfunga Dubow kitambaa machoni, akapiga kengele ya ngamia upande wa kushoto. Dubow akaelekeza kidole kulia. Mzee Ogle akaguna kwamba hata mtoto anaweza kuigiza hivyo. Kusema kweli, Bi Qali alimshuku Dubow pia. Akambandika kichwani nyaya za kupima neva, akamlaza, akangoja usingizi umchukue, ndipo akampigia milio midogo masikioni.

Chembe za neva ya sikio hupeleka mlio pamoja na wakati wake: mlio ukigonga, huitika kwa pamoja papo hapo. Ubongo hulinganisha ni sikio lipi limetangulia, ukajua sauti imetoka wapi. Chembe za kulia za Dubow ziliitika vizuri. Za kushoto zilichelewa, tena ovyo ovyo, kama waalikwa wa harusi.

“Adeer,” yaani ami kwa Kisomali, Bi Qali alimwambia mzee Ogle, “mtu hawezi kuigiza akiwa amelala.”

Picha ya kichwa iliyopigwa Nairobi ilionyesha uvimbe mdogo ukiibana neva. Ulitolewa mapema, alhamdulillahi. Mzee Ogle alilia mbele ya wazee wale wale.

Asante, Bi Qali. Pumzika kwa afya na amani, nasi tutainusa chai kwa niaba yako. Hiyo kengele unayoisikia nje ya ukumbi ni ya ngamia jike, zawadi yako kutoka kwa mzee Ogle. Tunajua huamini, kwa hiyo toka ukamwone. Mzee alimkabidhi Dubow, naye amemleta peke yake kutoka Diff.