Mba ya Digrii na Koti la Shemeji

Hebu niambie, wewe unayejua kila kitu: mtu mwenye shahada anaingiaje kwenye usaili mabega yakiwa meupe kama katoka mashine ya kusaga? Swali hilo Digrii alilitupia benchi zima asubuhi ile, nje ya kibanda cha Kinyozi, koti jeusi la shemeji yake likining'inia mkononi na chupa ya shampuu ya mba mfukoni. Usaili ni kesho. Ule uliopita, mabosi waliyatazama mabega yake kuliko vyeti. Kinyozi hakuwa na wateja. Spea, muuza vipuri vya pikipiki, alikuwa nao ila hana habari nao. Dada wa kahawa akamimina.

— Nimeosha wiki nzima, alisema Digrii. Chupa inaisha, mba ndio kwanza inachanua.

— Umesoma sana, alisema Kinyozi. Akili ikipata moto, ngozi ya kichwa inababuka. Mimi nakunyoa, joto nalisikia.

— So kosa langu kusoma?

— Kusoma bila kazi. Moto hauna pa kutokea.

Spea akasonya.

— Usimpoteze mtoto wa watu. Tatizo ni mto. Mba imehamia huko, usiku inarudi kwake. Loweka mto kwenye petroli.

— Nilalie bomu? Seriously, mzee?

— Utaamka huna mba.

— Nitaamka sina kichwa.

— Nyote hamjui biashara, alidakia Dada wa kahawa. Kiwanda cha dawa ndicho kinachotia mba kwenye sabuni za kawaida. Unauziwa ugonjwa, kisha unauziwa tiba.

Benchi zima likatikisa vichwa kwa heshima. Hata Digrii, na research methods zake zote, aliona hoja ina mashiko.

Hapo akafika mama mmoja, mgeni, kununua kahawa. Akaitazama chupa.

— Hii ni dawa. Unaiacha kichwani muda gani kabla ya kusuuza?

Digrii akaanza kujikuna. Siku zote alipaka na kusuuza papo hapo, bombani, wapangaji wenzake kwenye foleni wakimsonya mgongoni.

— Si imeandikwa? alisema Kinyozi.

Wakaigeuza chupa. Maelezo yalikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeitambua, na penye namba, huenda ya dakika, duka limebandika kikaratasi cha bei. Digrii akakikwangua kwa ukucha. Kikatoka pamoja na namba iliyokuwa chini yake.

Akainuka, akaligeukia duka la dawa ng'ambo ya barabara, akapaza sauti mpaka muuzaji akachungulia.

— Nyie mnaoagiza, mnaopitisha, mnaouza: andikeni kwa lugha ya wenye vichwa. Bei bandikeni kwenye kifuniko. Na wewe hapo dirishani, nijibu sasa hivi, usaili wangu ni kesho: dakika ngapi?