Mama Adrienne, Dirisha la Tokeni na Neno Moja la Kiswidi

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuwahudumia abiria kwenye kasino ya meli yetu ya Sommarnatt, iendayo Helsinki na kurudi Stockholm, Mama Adrienne Mwamba alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026. Leo tumekusanyika hapa Alby, mtaani kwake, kumpa mkono wa kwaheri. Kamati ilinitaka mimi, Nyambura wa meza ya ruleti, niandike wasifu mfupi, wenye heshima, usio na udaku. Ufupi nimejaribu. Heshima ipo. Hilo la tatu, kamati yenyewe inanijua.

Mama Adrienne alizaliwa Uvira, mashariki mwa Kongo, akafika Sweden na watoto wawili, Christelle na Félix, baada ya kufiwa na mumewe. Alianza melini kwa kusafisha vyumba vya abiria. Wakubwa walipoona anavyowatuliza walevi kwa kuwaita tu wanangu, wakampeleka kwenye dirisha la keshia la kasino. Siku niliyoajiriwa aliniambia kwamba yeye kila siku yuko ku kese, yaani kwa keshia, kwa Kiswahili chao chenye Kifaransa ndani. Mimi Mkenya nikasikia kesi, nikampa pole na kumuuliza kama ana wakili mzuri. Alinicheka mpaka Helsinki.

Lakini naye alikuwa na lake. Wiki zake za mwanzo dirishani, mzee mmoja Mswidi alikuja kununua tokeni za kuchezea, akauliza kwa upole kama kuna avgift. Mama alikuwa bado darasani na Kiswidi. Alijua kwamba gift ni sumu, na kwamba neno hilohilo, ajabu ya lugha hii, ni mtu aliye kwenye ndoa. Akapiga hesabu yake pale pale: kama gift ni aliyeolewa, na av ni kutoka, basi avgift ni aliyeachika. Kumbe avgift ni ada tu! Mzee wa watu, aliyetaka kujua kama atakatwa pesa ya ziada, akajibiwa kwa uso mkavu kwamba hapa hakuna aliyeachika, yeye ni mjane, na yaliyobaki hayamhusu. Mzee akavua kofia, akampa pole, akanunua tokeni zake. Hadithi hiyo nimeirithi, maana ilikuwa imeshazunguka meli nzima kabla sijafika.

Tangu hapo ada zote aliziita sumu, na kuziepuka kukawa ndiyo sifa yake. Kwa faida ya watakaosafiri bila yeye, ushauri wake ulikuwa hivi. Toa pesa nchi kavu, kwenye ATM ya benki yako, kabla hujapanda; ile ya melini karibu na baa inakung'ata kila ukiigusa. Ukitumia kadi, tumia ile inayokata pesa yako mwenyewe, si ya mkopo, maana benki itasema umekopa taslimu na itakutoza tangu siku hiyohiyo. Mashine ikijifanya ina adabu, ikakuuliza kama ikubadilishie sarafu, ikatalie, maana hubadilisha kwa bei mbaya. Ukijipanga mapema, ziache pesa zako kwenye ofisi yetu ya bandarini, uzikute dirishani. Usikubali kamwe kuandikiwa tokeni kwenye hesabu ya chumba chako, kwa sababu bili ya chumba huja asubuhi na sumu yake. Na tokeni zilizobaki zirudishe kabla meli haijatia nanga, zisije zikalala kwenye koti hadi msimu mwingine. Wakubwa hawakumkataza. Yote hayo yalikuwa yameandikwa ukutani kwa herufi ndogo. Yeye aliyasoma kwa sauti tu. Halafu humalizia kwa kusema kwamba aliyeshiba bufe hupoteza pesa chache kuliko mwenye njaa.

Dirisha lenyewe lilitazama meza zetu, halikutazama maji. Hilo lilinisikitisha sana. Meli ikitoka Stockholm hupita saa nyingi katikati ya visiwa, vingine vidogo hata msonobari mmoja umevijaza. Mwezi wa Mei jua halina haraka ya kuzama. Maji yanalala, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa asali, na ukisimama kwenye sitaha hujui kama ni wewe unayesogea au ni visiwa vinavyopita kukuangalia. Nikirudi kutoka mapumzikoni, Mama aliniuliza tumepita wapi. Nami, Mungu anisamehe, nikapiga chuku. Nilimwambia kuna kisiwa chenye nyumba nyekundu, na farasi mweupe husimama kwenye gati lake akitazama meli. Kesho yake akataka habari za farasi. Ikabidi farasi apate jina, apate mafua, apone. Miaka yote hiyo farasi yule alikuwa anaishi na sisi pale ndani, kwenye taa na kelele za mashine.

Sasa tufike kwa Papa Bonaventure, na kamati ivumilie. Yeye ni mtu wa Bukavu, dereva wa basi, mkazi wa Rågsved, aliyefiwa na mkewe. Mara ya kwanza alikuja na wenzake wa kazini, akaisikia ile hadithi kwenye baa. Akafika dirishani, akavua kofia, akauliza kwa Kiswidi safi kama kuna avgift. Mama alicheka mpaka akashika meza. Baada ya hapo Papa akawa haishi kuja. Alifuata kila ushauri: pesa taslimu kutoka Rågsved, hakuna kadi, hakuna bili ya chumba. Ananunua tokeni, anakaa na kahawa yake kwenye kiti kinachotazama dirisha, na kabla hatujatia nanga anazirudisha zote. Hakuna hata moja iliyowahi kugusa meza yangu. Niliona mapema, nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Tatizo ni kwamba kwenye kasino, mtu anayenunua tokeni, hachezi, kisha anadai pesa zake, ndiye tunayefundishwa kumshuku. Hudhaniwa anasafisha pesa chafu. Bosi wetu Felicia alimwona kwenye kamera, akamwita Mama ofisini. Tulibaki roho juu. Mama alimweleza ukweli: mwanamume yule hasafishi chochote, anakuja kumsalimia. Felicia alimwamini, lakini kanuni ni kanuni. Anayekaa dirishani haruhusiwi kuwa na uhusiano na mteja, hata wa simu. Ama Mama ahamie jikoni kwa mshahara mdogo, miaka miwili kabla ya kustaafu, ama mgeni wake asikanyage tena. Tusimwonee Felicia, alitoka pale macho mekundu.

Mama alikata kauli kubaki. Dirisha lile lilikuwa limemlelea watoto wawili, na hakutaka kuondoka kichwa chini kana kwamba kulikuwa na aibu. Alimwambia Papa Bonaventure kupitia kioo cha dirisha lake asije tena, na kwamba yeye atashuka melini mara ya mwisho Ijumaa ya mwisho ya Mei 2026. Hakumwomba amsubiri. Papa akasema sawa, akarudisha tokeni, akaenda zake.

Kile kiti kikakaliwa na wengine kwa miaka miwili. Mama aliendelea kuwaita walevi wanangu na kuwaonya abiria juu ya sumu, ila habari za farasi aliacha kuuliza. Iliniuma, nasema wazi.

Asubuhi ya siku ya mwisho Felicia mwenyewe alilifunga dirisha mapema, akatuamuru tupande juu. Nilimshika Mama mkono nikiwa na hofu mbili: farasi hayupo, na huenda gatini Stockholm hakuna mtu. Ukungu ulikuwa mwepesi, visiwa vinatokea kimoja kimoja. Ikapita nyumba nyekundu yenye gati tupu. Mama akaitazama sana, halafu akanifariji kwamba lazima farasi ameingia ndani kupumzika, naye amezeeka. Kumbe siku zote alijua! Nililia kama mtoto.

Na gatini, jamani, kofia mkononi, alikuwepo. Hakungoja hata ngazi itulie. Aliuliza kwa sauti ya dereva wa basi, abiria wote wakasikia, kama bado kuna avgift.

Mama Adrienne, asante kwa kila krona uliyomwokolea mtu na kwa kila hasira uliyoituliza. Uwe na siku ndefu za nuru, na safari ijayo upewe chumba chenye dirisha la bahari. Wengine wote, tarehe 15 Agosti tunaonana kanisani Skärholmen, ambako Mama anakuwa gift, ile isiyo sumu. Mmealikwa bila kubagua. Na avgift hakuna, kwa Kiswidi cha vitabuni na kwa Kiswidi cha Mama Adrienne.