Longonot Imelala, Boaz Hajalala

Pale Laini Saba, Kibera, hatua chache kutoka kwenye reli, kuna benchi la mbao ambalo halijawahi kushindwa na swali lolote la dunia. Mwenyewe ni Nyamai, muuza kahawa kutoka Kitui, ambaye watu wote humwita Birika. Jumatano hiyo Boaz, fundi wa majiko, alifika hapo na karatasi ya shule mkononi, amechanganyikiwa hadi akasahau kusalimia. Binti yake Nekoye, wa gredi ya nane, kesho yake alikuwa aende na wenzake kupanda mlima Longonot. Mwalimu alitaka sahihi ya mzazi kabla ya saa kumi. Na usiku kucha Boaz hakulala, maana jirani alimwambia Longonot ni volkano.

— Ati imelala, alisema. Sasa nini huiamsha? Niambieni kabla nisaini.

— Ni treni, akadakia Oketch, kinyozi aliyejibatiza Profesa. Ikipita huko chini, mlima unatingishika. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Treni hupita hapa kila siku na wewe unalala hadi saa nne, Birika akamjibu. Shida ni mvuke. Hii birika nikiikaza kifuniko, si itakirusha? Mlima ni hivyo hivyo.

— Na kifuniko cha mlima ni nini? Boaz akauliza.

Profesa aligeuka polepole, akamtazama Kalondu, aliyekaa na karai lake la mawe mepesi ya kusugua visigino.

— Mama Visigino, hizo mawe hutoka wapi?

— Pande za Naivasha. Ni nyepesi, hata kwa maji zinaelea.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa! Profesa akaruka. Hiyo ndiyo kifuniko! Wamama wa Kibera wamesugua mlima wakaumaliza!

— Ala! Kalondu akawaka. Laumu Kawangware! Mtaa wao wa Satellite peke yake namaliza karai mbili kwa wiki. Visigino za huko ni murram tupu, kama barabara haina lami.

— Ngojeni kwanza, Boaz alisema, kichwa kikimzunguka. Kifuniko ikikazwa, inalipuka. Ikitolewa, pia inalipuka?

— Zote mbili, Profesa akasema bila aibu. Na wanafunzi wakiimba huko juu, hapo ndio itaamka kabisa. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Maskini Boaz! Alikitazama kidole chake kilichofungwa kitambaa. Juzi mteja alimletea jiko likarabatiwe. Majivu yalikuwa baridi kabisa juu, akatia mkono ayatoe, kumbe chini kaa lilikuwa hai. Miaka kumi na nane ya kutengeneza majiko, na bado lilimdanganya.

— Mimi Mungu alinipa huyu mmoja tu, akasema. Jiko imenichoma nikiwa macho. Sasa nimtume mtoto kwa mlima?

Hakuna aliyemcheka.

Mara Nekoye akatokea mbio, sare ya shule imejaa vumbi.

— Sasa! Baba, imebaki robo saa ifike saa kumi. Umesaini?

Wote wakamrukia kwa pamoja: treni, mvuke, visigino. Msichana akawasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

— Kati yenu, nani ashawahi kuuona huo mlima?

Birika akaanza kufuta kikombe kilichokuwa safi. Kalondu akapanga mawe yake upya. Boaz aliona haya: tangu atoke Bungoma, njia zake zilikuwa nyumba, karakana na kanisa, basi. Akachukua kalamu, akasaini. Kidole kilimuuma, na jina likaenda upande.

— Lakini mama, akamwambia binti yake, ukisikia viatu zimepata moto, usingoje mwalimu. Kimbia.

— Nikimbilie wapi, baba?

Profesa akamtazama Birika. Birika aliinamisha birika lake juu ya kikombe, likatoa tone moja, kisha machicha matupu.

— Kuja tu hapa, Boaz akasema. Mimi nitakuwa nimekaa hapa hapa.