Siku Tano za Bwana Hiraiwa

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane kazini, Bwana Hiraiwa Tokuji wa idara ya usafi wa magari atakabidhi aproni yake na kustaafu. Ana miaka sitini na mitano. Mkurugenzi wetu, Bwana Sugaya, aliniomba mimi, Otsubo Kinue wa mapokezi, niandike maneno machache kwa ajili ya jarida letu. Nadhani alinichagua kwa sababu kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikipokea simu za wenye magari wakiuliza kwa nini hajamaliza.

Alipoajiriwa, karakana hii ya Kobe ilikuwa inaosha teksi, na teksi moja ilichukua dakika ishirini. Magari ya kifahari yalikuja baadaye, na yeye ndiye aliyetufundisha kuyashika. Saa na pete zinavuliwa mlangoni. Mkanda wa suruali unageuzwa, chuma chake kikae mgongoni, usije ukakwaruza rangi. Magari yenye thamani kuliko nyumba zetu yamepita mikononi mwake, na leseni ya udereva hana. Akitaka gari lisogezwe hatua mbili, anaita mtu.

Swali la muda gani kazi hii ichukue tumelijibu kila siku. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuwahi kupokea simu zangu. Bwana mmoja aliniambia yeye mwenyewe anaoga dakika kumi, sasa gari lina nini hata likae siku tano? Nilimpelekea Bwana Hiraiwa swali hilo, naye akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie gari halijisugui lenyewe mgongoni."

Kosa lake moja lazima nilitaje, maana yeye hulitaja kila mwaka. Daktari wa meno, Bwana Nishiwaki, alituletea gari lake, likarudi linameta ndani na nje. Aliinama kwenye dirisha la kushoto, akatazama kioo kwa muda, akashukuru, akaondoka. Kesho yake alipiga simu na kuuliza kwa upole kama kwa bahati tulipiga picha ya kile kioo kabla ya kukifuta. Palikuwa na alama ya mafuta ya paji la uso. Mama yake alikuwa akilala ameegemea hapo kila walipokwenda hospitali, na mama alikuwa amefariki mwezi ule. Hakulalamika hata kidogo. Bwana Hiraiwa alinunua boksi la keki za maharage, akapanda treni, akaenda kuinama kuomba radhi mbele ya mlango wake. Daktari akasema si kosa la mtu. Hilo lilimuumiza Bwana Hiraiwa zaidi.

Tangu siku hiyo, kabla hajagusa gari, humuuliza mwenye gari: "Kuna doa lolote ungependa tuliache?" Wengi hucheka. Wachache hunyoosha kidole. Hapo yeye hubandika utepe wa buluu kulizunguka doa, na kitambaa chake hakivuki utepe.

Miaka sita iliyopita mkewe, Bi. Fumie, alifariki. Bwana Hiraiwa alirudi kazini baada ya siku nne, na kuanzia hapo gari lililokuwa likimchukua siku nne likaanza kuchukua tano. Bwana Sugaya alikuwa ndiyo kwanza amerithi kampuni kutoka kwa baba yake, naye alitaka siku mbili. Akanipa daftari nikae karakanani mwezi mzima, niandike kila siku inatumikaje. Nikileta ushahidi kwamba siku zinapotezwa, zinakatwa. Na asiyeweza kwenda na siku mbili angehamishiwa bohari ya vipuri.

Niliandika kwa uaminifu. Siku ya kwanza anaosha na kunasa vumbi la chuma kwa udongo laini wa kusafishia rangi. Siku ya pili anang'arisha, kisha analiacha gari lilale, kwa sababu dawa ya kung'arishia huficha mikwaruzo mpaka ikauke. Siku ya tatu analitoa juani, anaona kilichojificha, anarekebisha, anapaka dawa ya kulinda rangi. Siku ya nne dawa inakauka. Hizo nne nilizielewa, hata mkurugenzi alizielewa.

Siku ya tano alikaa kando ya gari na mswaki, akisugua nembo iliyokuwa safi tangu juzi. Nilisimama na daftari langu. Akaniuliza, "Dada Otsubo, ukifika nyumbani jioni unakuta taa imewashwa?"

"Naiwasha mwenyewe, mzee," nikamjibu.

"Basi unajua," akasema, akaendelea kusugua.

Niliandika: "Siku ya tano: ukaguzi wa mwisho. Haiwezi kuachwa." Bwana Sugaya, nilikudanganya, na nikirudi pale nitakudanganya tena. Hata hivyo, katika miaka sita hiyo hakuna gari hata moja lililorudishwa kwa malalamiko.

Wiki iliyopita alimaliza gari lake la mwisho. Alilimaliza kwa siku nne. Tulitoka nje sote kuinama kumuaga mteja, kama kawaida yetu, hadi gari lilipokata kona ya duka la tofu. Sisi tuliinuka. Yeye alibaki ameinama barabara ikiwa tupu, na mimi nilishindwa kumtazama.

Siku ya tano alikuja mikono mitupu, akaanza kusafisha meza yake ya kazi. Kwenye mbao za meza hiyo kuna duara jeusi. Ni alama ya chupa ya chai aliyojaziwa na Bi. Fumie kila asubuhi, ikawekwa palepale miaka yote. Kitambaa chake kilifika ukingoni mwa duara kikasimama. Alikuwa akijiandaa kulifuta, ili asimwachie mrithi wake uchafu. Nilimuuliza swali lake mwenyewe: kuna doa lolote angependa tuliache?

Aliweka kitambaa chini. Kisha akafungua droo, akatoa utepe wa buluu.

Kwa hiyo atakayepewa meza hiyo ajue: futa kote, usivuke utepe. Bwana Hiraiwa, asante kwa kazi yako na kwa subira yako. Tunakuombea afya na siku ndefu zisizokuelemea. Karakana hufunguliwa saa mbili asubuhi, na taa ya mapokezi huwa naiwasha mimi. Siku ya tano pita, utaikuta inawaka.