Miaka Thelathini na Minne ya Alama Nyeupe

Ijumaa tarehe 30 Juni, msimamizi wetu wa malisho atarudisha stoo funguo za mageti kumi na mawili na kustaafu, baada ya kulitumikia shamba hili kwa miaka thelathini na minne. Karani wa ofisi ameniomba mimi, mkuu wa kitengo cha maziwa, niandike wasifu wake. Alisema ni kwa sababu namfahamu kuliko wote. Alichomaanisha ni kwamba hakuna mtu aliyegombana naye kama mimi, na hapo hajakosea. Nimeagizwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila mtu huyu amenichosha.

Alianza kazi hapa kama mchungaji wa mitamba, akiwa na miaka ishirini na sita. Baada ya miaka mitano akakabidhiwa malisho yote, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila aliyemwendea na shida alijibiwa neno moja: subiri. Ukitaka kufungua kitalu kipya cha malisho, subiri, nyasi bado changa. Ukitaka kukata nyasi za akiba, subiri, kuna kware amelalia mayai. Ndiyo maana wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Subiri, naye akalipokea kama cheo. Mimi aliniita mdogo wangu, hata katika vikao rasmi mbele ya wageni, na kila nilipokuwa nimepandwa na hasira aliliongezea upole. Hakuna kitu kinachoudhi kama kugombana na mtu ambaye hagombani.

Kwa wageni wanaosoma jarida hili, nieleze kidogo. Yeye aliamini kwamba shamba la ng'ombe linaweza kuwa pia nyumba ya viumbe wengine, na kwamba nyasi zikitunzwa vizuri zinawatosha wote. Kwenye makaratasi, maneno haya ni matamu. Sasa njooni muyaishi.

Aliinua waya wa chini wa uzio wote ili swala wadogo na nungunungu wapite. Walipita. Ndama wangu nao walipita, kumi na mmoja kwa siku moja, moja kwa moja hadi kwenye bustani ya mboga ya mke wa meneja. Katika kila birika la kunyweshea ng'ombe aliweka ubao wa mteremko, ili ndege au panya akitumbukia apate pa kupandia. Wakamuaji wangu waliutoa kila walipoosha birika, yeye akaurudisha, wao wakautoa, yeye akaurudisha. Hivyo hivyo kwa miaka saba, mpaka wakamuaji wakanyoosha mikono. Sikatai kwamba tangu hapo hatujaokota mzoga hata mmoja ndani ya maji, na maji hayanuki.

Dereva wa trekta ana malalamiko yake. Kwenye mashamba yote ya dunia hii, anasema, watu hukata nyasi kuanzia pembeni wakiingia katikati. Hapa alilazimishwa kuanzia katikati akitoka nje kwa kuzunguka, ili sungura na vifaranga wapate njia ya kukimbilia badala ya kubanwa mahali pamoja na kukatwakatwa. Dereva alidai anapata kizunguzungu. Bwana Subiri alipanda trekta mwenyewe, akakata kitalu kizima kwa mtindo huo, akashuka na kumuuliza kama anamwona anayumba. Tangu siku hiyo dereva anakata anavyoelekezwa, huku akinung'unika hadi leo.

Lakini kazi iliyompa sifa ni alama za gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Alipima urefu wa nyasi kwa vidole, akaona kwamba ng'ombe wakizila chini ya vidole sita kutoka ardhini, haziwahi kurudi kabla ya zamu inayofuata. Wachungaji walikuwa wanakadiria kwa macho, kila mmoja na macho yake. Basi akachukua brashi na rangi nyeupe, akapiga mstari kwenye gambuti za kila mchungaji, vidole sita juu ya unyayo. Nyasi zikifika kwenye mstari, ng'ombe wahame, iwe jua iwe mvua, hata mkuu wa maziwa akilia. Na nililia, maana niliona nyasi za kutosha siku mbili zaidi zikiachwa nyuma kila tulipohama.

Kutokana na mstari huo tulipata Bonde la Chini kama tunavyolijua. Ni kile kitalu kilicho kando ya kijito, anachokifunga miezi mitatu kila mwaka mpaka kware na korongo wamalize kuangua, ndipo ng'ombe waingie. Nimekaa hapa miaka kumi na tisa, na mara nne mvua zimechelewa. Mara tatu, bonde hilo ndilo lililotuvusha, kwa sababu lilikuwa limejaa nyasi wakati majirani zetu wanauza mifugo yao. Inaniuma kuyaandika haya, lakini ukweli usemwe.

Mara ya nne ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika wasifu huu. Tarehe 10 Julai bodi itakaa kuamua kama Bonde la Chini lilimwe lote na kupandwa mahindi ya mifugo. Hoja kubwa iliyo mezani ni taarifa ya miaka kumi na moja iliyopita, inayosema kwamba mfumo wa alama ulishindwa ulipojaribiwa na ukame. Nyasi ziliisha, udongo ukasombwa, ng'ombe wakabaki mifupa. Taarifa hiyo imo kwenye faili, imepigwa muhuri. Kila anayeisoma anaiamini, na mimi ningeiamini kama nisingejua nilichofanya.

Mwaka ule mvua zilichelewa wiki saba. Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye cheo hiki, bado kwenye majaribio, na watoto wawili wa shule niliowalea peke yangu. Maziwa yalikuwa yameshuka kutoka lita mia tisa kwa siku hadi mia sita, na meneja alikuwa anapita zizini kila asubuhi akitazama ndoo. Bwana Subiri hakuwepo. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi ya ghala akikagua kiota cha bundi, akavunjika mguu, akalazwa wiki tatu. Bundi, ndugu zangu. Ukame umetukaba koo, na mtu mzima anapanda ngazi kwa ajili ya bundi.

Siku ya pili baada ya kulazwa kwake, wachungaji wakiwa wanakula mchana, gambuti zao zikiwa zimeanikwa nje ya stoo, nilichukua kisu nikakwangua mistari yote, kisha nikapiga mingine vidole vitatu chini. Jozi sita. Ilinichukua chini ya nusu saa. Wachungaji walivaa wakaenda zao, kwa maana walishazoea kuiamini gambuti kuliko macho yao wenyewe.

Kwa wiki mbili maziwa yalipanda na meneja akanipongeza mbele ya watu. Ng'ombe walikaa kila kitalu hadi kikabaki kama kichwa kilichonyolewa, na Bonde la Chini nalo wakaingizwa kabla ya wakati wake, ndege wakiwa bado kwenye mayai. Kisha nyasi zikakataa kuota. Mvua ilipokuja ilikuta udongo mtupu, ikauchukua hadi kwenye kijito. Maziwa yakashuka hadi lita mia tatu. Kware hawakurudi kwa misimu mitatu.

Alirudi kazini kwa magongo. Aliokota gambuti moja, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole mahali ambapo rangi ya zamani ilikuwa imebaki kwenye mikwaruzo. Kisha akanitazama mikono. Siku iliyofuata, kwenye kikao, meneja aliuliza ni nani aliyepiga mistari kwenye gambuti. Bwana Subiri alijibu kwamba mistari ni kazi yake na lawama ni zake. Mwezi ule alikuwa anatarajiwa kuwa naibu meneja. Nafasi akapewa mtu mwingine, na yeye anastaafu akiwa kwenye cheo kile kile.

Mimi nilinyamaza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka kumi na moja, na wala sikuchoka miguu, nilichoka roho. Baada ya miaka miwili nilimfuata kwenye birika la juu nikamweleza yote. Alisema anajua. Nilipomuuliza kwa nini basi alijitwika mzigo wangu, alinijibu kwamba ng'ombe walikuwa wameshanizoea, na kubadilisha mkuu wa maziwa wakati wa ukame kunapunguza maziwa. Hayo tu. Nilitaka anitukane angalau mara moja, nipumue. Akaniuliza ubao wa mteremko uko wapi.

Mwezi uliopita, pendekezo la kulima bonde liliposomwa kikaoni, taarifa ile ikasomwa nalo, nilimgeukia. Nilidhani sasa, kwa kuwa anaondoka, atasema. Alitazama dirishani. Yaani hata kwa kulinda bonde lake, kazi ya maisha yake, hakuwa tayari kunitaja. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu yake, naye amenikasirisha mara nyingi.

Kwa hiyo nasema mimi. Mfumo wa alama haukushindwa. Mwaka ule haukutumika, kwa sababu niliuharibu kwa mkono wangu. Jumatatu niliandika barua kwa meneja na kwa bodi, nikiomba taarifa ile isahihishwe kabla ya tarehe 10, na Bonde la Chini libaki malisho. Karani amenisihi nitoe aya hizi, kwamba si desturi ya wasifu. Nimemwambia achapishe kama zilivyo au aandike mwenyewe. Atakayenihitaji kwa hatua za nidhamu atanikuta zizini, saa kumi na mbili asubuhi, nikimaliza kukamua.

Mke wa Bwana Subiri, mwalimu wa hesabu aliyetangulia kustaafu, ametuambia kwamba uani kwao hakujakatwa nyasi tangu mwaka juzi kwa sababu ya chura fulani. Tunampa pole mapema, maana sasa atakuwa naye mchana kutwa.

Kwa niaba ya wakamuaji, wachungaji, dereva wa trekta na kizunguzungu chake, tunakushukuru, Bwana Subiri, kwa miaka thelathini na minne. Tunakutakia afya, mguu usiokuuma wakati wa baridi, na mvua zinazokuja kwa wakati. Maisha yako huko uendako yawe mema kuliko tulivyokufanya yawe hapa. Tarehe 10 nitaitwa mbele ya bodi, na najua utasikia, na najua utataka kuja. Nakuomba, kaka yangu, safari hii usinitetee.