Mita Mbili za Mzee Alois

Basi la kupanda Msitu Mweusi, huko Ujerumani, lilikuwa na mzee Alois, futi kamba mfukoni, na Friederike na baiskeli yake iliyojaa tope.

"Binti, leo naipima njia yenu ya baiskeli. Isipofika mita mbili kwa upana, sheria ni sheria, baiskeli marufuku."

"Subiri kidogo, babu, tutaipanua kwa matairi."

"Huko si kuuharibu msitu?"

"Na ule msunobari ulioanguka ukaziba njia, aliukata nani kama si sisi wa baiskeli? Chama chenu cha watembea kwa miguu kilikuwa kinakunywa kahawa."

Kahawa ile hata Alois aliinywa, tena na keki.

Basi likasimama mwanzoni mwa njia, wakashuka. Lakini futi kamba inataka watu wawili.

"Haya, shika mwisho huu."

"Nijifungie njia mwenyewe, babu?"

Friederike akashika, akarudi nyuma hatua moja, mita mbili zikatimia.