Mama Pumzi Aliyetoka Kabla ya Mwisho

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba chetu cha uhariri, mwenzetu tunayemwita Mama Pumzi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake, na naomba niseme mapema kwamba nimechanganyikiwa. Nimekaa kando yake miaka mingi, Jumatatu ijayo nakikalia kiti chake, na mpaka leo sijui vizuri kazi yake alikuwa anaifanyaje.

Kwa wageni wetu wa leo: sisi hatutengenezi filamu. Tunakata trela, zile dakika mbili zinazomfanya mtu aliyekuja kununua karanga ukumbini aamue kurudi wiki ijayo na familia nzima. Mkurugenzi ameniambia bila kuzunguka kwamba wateja wanafuata mkono wa Mama Pumzi, si kibao cha mlangoni, na kwamba trela yangu ya kwanza ndiyo itakayoamua kama watabaki nasi. Kwa hiyo nilipoanza kukusanya habari za wasifu huu, nilikuwa pia natafuta dawa ya wasiwasi wangu.

Nilianza kwa kuuliza alivyoajiriwa. Mkurugenzi anasema alikuja kama mpiga chapa. Fundi sauti, aliyekula chumvi nyingi kuliko sote hapa, anaapa alikuwa wa mapokezi. Mwenyewe anasema aliingia kujikinga mvua, akakuta watu wanabishana juu ya trela, akatoa maoni, na hakuna aliyemwambia atoke. Nimeziandika habari zote tatu. Mwenye kuchagua achague.

Wote wanakubaliana juu ya alichokikuta. Siku hizo trela ilikuwa na sauti nzito ya mwanamume anayeeleza kila kitu, nani anampenda nani na nani atajuta, mpaka mtu akirudi nyumbani hana haja ya tiketi. Mama Pumzi aliitoa sauti ile. Akaonyesha uso wa anayeogopa, asikionyeshe kinachomwogopesha. Akaacha muziki upande, upande, halafu akaukata ghafla, skrini ikawa nyeusi na kimya. Ukumbi mzima ukashika pumzi. Hapo ndipo jina lilipotoka. Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja, naye akawa anawaonjesha watu kwa ncha ya kijiko na kuwaondolea chungu chenyewe mbele ya macho yao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mama Pumzi hakuwahi kutazama mwisho wa filamu yoyote aliyoikatia trela. Ikifika pale mambo yanapoanza kukaza, anainuka, anachukua kikombe chake cha chai, anasema, "Mimi nimeshiba," na kutoka koridoni. Nilipouliza kwa nini, nilipata majibu kama niliyopata juu ya mvua. Fundi sauti anadai kaka yake alikuwa akimsimulia miisho yote utotoni mpaka akaichukia. Mume wake, fundi viatu aliyestaafu zamani, anasema hata nyumbani tamthilia ikikaribia kuisha mkewe huenda kuosha vyombo, na yeye hukatazwa kusimulia, akalala amevimba kwa maneno. Mimi aliniambia hivi: "Nikiujua mwisho, mkono utausema." Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Njia hiyo iliwahi kumtia matatani. Tuliletewa filamu ya harusi, na nusu yake ya kwanza ilituvunja mbavu. Mama Pumzi akatoka kama kawaida yake, akakata trela ya vicheko mwanzo hadi mwisho. Watu wakajaa ukumbini wamependeza, na sehemu ya mwisho bwana harusi akafa. Mwongozaji alikuja juu, akasema tumemwaibisha. Hilo lilizungumzwa likaisha. Lakini siku iliyofuata alikuja mama mmoja na watoto wake wawili, alikuwa amemzika mumewe muda si mrefu. Alisimama pale koridoni akasema, "Nilikuja kucheka, dada yangu. Mbona mmenifanyia hivi?"

Mama Pumzi hakujitetea. Alimkalisha, akawapa watoto chai yake mwenyewe, akakaa nao mpaka walipokuwa tayari kwenda. Nilikuwa mgeni kazini, sikujua niangalie wapi. Baadaye alituambia maneno ambayo sasa yamebandikwa juu ya mashine yetu: "Kuficha ruhusa. Kudanganya hapana."

Nilidhani kuanzia hapo angeanza kuitazama miisho. Wapi! Alinipa kazi mimi. Yeye akitoka, mimi nabaki ndani mpaka majina ya waigizaji yaishe kwenye skrini, halafu natoka koridoni na kusimama mbele yake. Siruhusiwi kusema neno. Ananitazama usoni, muda wa kumeza funda moja la chai, kisha anaingia kukata. Nikitoka macho yamelowa, utakuta katikati ya vicheko vya trela ameweka kiti kitupu, kwa muda wa kupepesa jicho. Hakuna anayekumbuka kukiona. Lakini huzuni ikija kwenye filamu, mtazamaji hahisi kwamba ameviziwa.

Basi ndugu zangu, niliajiriwa kama mhariri msaidizi, na kwa miaka yote hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwa na uso. Mama yangu mzazi bado ananiuliza ninafanya nini hasa huko, na bado natafuta jibu. Fundi sauti hunitania kwamba macho hayana pazia na mimi ndiye niliyepewa mshahara kwa sababu hiyo. Kuna siku nilitoka kwenye filamu nyepesi ya mapishi na mapenzi nikiwa naumwa jino vibaya. Trela iliyotokea ilikuwa na milango inayofungika yenyewe na kisu kikimeta mezani. Mwenye filamu aliitazama mara mbili, akatuuliza kwa upole nani amekufa. Mama Pumzi alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo kabla ya kuingia ndani huniuliza habari za meno yangu.

Sasa utaona kilichonikosesha usingizi. Mimi miisho yote naijua, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nikikaa kwenye kile kiti, nani atakuwa uso wangu? Nikitoka nje, nani atabaki ndani? Nilimuuliza mara nyingi. Alinijibu kwamba chai inapoa.

Wiki hii ililetwa filamu ambayo trela yake ni yangu. Tukakaa gizani pamoja kama siku zote. Mambo yalipoanza kukaza, nilimsubiri ainuke. Hakuinuka. Nikafikiri amesinzia. Akanigeukia, akaniwekea kikombe chake mkononi, akaniashiria mlango kwa kidevu. Nilipigwa na butwaa, nikatoka. Nilisimama koridoni nimeshika chai ya mtu, nikisikia muziki kwa mbali ukutani, na ndipo nilipojua jinsi ilivyo vigumu kusimama pale. Nilitamani kurudi ndani kuliko nilivyowahi kutamani kuona filamu yoyote.

Mlango ulifunguliwa. Alisimama mbele yangu, na mimi nikamtazama. Siwezi kueleza kikamilifu nilichokiona. Macho yalikuwa yamelowa na mdomo unatabasamu, kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima akazikuta mkononi mwake. Aliniacha nitazame kwa muda wa funda moja, kisha akasema, "Haya, umeshaona. Nenda kakate."

Nilikata. Nilipomwonyesha, muziki ulipanda, ukapanda, nikaukata, skrini ikawa nyeusi. Pembeni yangu, Mama Pumzi alishika pumzi. Sikugeuka kumtazama, niliogopa nitalia. Trela hiyo mtaiona leo baada ya chakula, na wateja watasema wanachotaka kusema. Mwisho wa filamu yenyewe siujui, na naomba aliyekwisha kuuona asiniambie.

Anasema sasa atakaa na mumewe nyumbani na kuzitazama filamu zote mpaka majina yaishe. Mumewe amekiri kwangu hapa pembeni kwamba ana hofu, kwa kuwa aliizuia miisho ile moyoni miaka mingi na sasa ameshaisahau yote. Wataijua pamoja.

Mama yetu, ahsante kwa kiti, kwa chai, na kwa kunipa uso wa kazi. Uwe na afya, usingizi mnono na maisha mema mpaka utosheke. Na huko mbele utakapokuwa umeona mazuri, usituhadithie. Pita tu koridoni siku moja, tukuone uso.